Lawama Ambayo Hakuna Aliyeisema

Ndugu msomaji, ikiwa umeingia katika dini si zamani sana, au ikiwa bado uko mlangoni unachunguza, yumkini jambo hili limekwisha kukupata. Ni siku ya mshahara, jioni. Wenzako wa kazini wamekaa pamoja, vinywaji vinaagizwa, na zamu yako imefika. Wewe unasema kwa sauti ya kawaida kwamba utakunywa soda. Hukuongeza neno. Hukutaja pombe, wala dhambi, wala moto. Mara mmoja wao anacheka na kusema: "Haya, shehe amefika! Sisi wengine ndio watu wa motoni." Wote wanacheka, nawe unacheka kidogo, lakini rohoni unajiuliza: huo moto umetoka wapi? Nani ameutaja?

Swali hilo si dogo. Neno la moto halikutoka kinywani mwako. Basi lilikuwa limekwisha kuwamo moyoni mwa yule aliyelisema, kabla wewe hujaketi. Soda yako imeliamsha tu. Katika somo hili nataka tulitazame jambo hilo kwa utulivu, kwani mwanafunzi wa dini asiyelielewa huangukia katika moja ya makosa mawili. Ama huona kwamba watu wote ni maadui wa haki, naye huanza kujihesabu kuwa walii. Ama huvunjika moyo, akairudia njia yake ya zamani ili arudishiwe marafiki zake.

Kila mwanadamu anayo picha ya nafsi yake, na katika picha hiyo yeye ni mtu mwema. Hata aliye na makosa makubwa hajiiti mwovu. Husema yeye ni mtu wa kawaida, mwenye udhaifu kama wengine. Tazama maneno hayo "kama wengine", kwa kuwa ndiyo nguzo inayoishikilia picha yote. Maadamu wote wanafanya, jambo halionekani kuwa limechaguliwa. Huonekana kama mvua au jua, kitu kilichopo tu. Sasa anapotokea mtu mmoja, wa ofisi ile ile, mwenye mshahara ule ule na shida zile zile, akakataa, basi kukataa kwake kumeonyesha kwamba palikuwa na njia ya pili. Hakumlaumu mtu. Lakini tangu saa hiyo kila aliyekaa pale anajua kwamba yeye naye alichagua. Hilo ndilo linalouma.

Kurani Tukufu imetueleza habari hii mara nyingi, wala si kwa kupita. Watu wa Nabii Luti a.s. walipokuwa wanataka kumfukuza mjini yeye na wafuasi wake, walitoa sababu, na sababu yenyewe ilikuwa kwamba hao ni watu wanaojiweka katika usafi (7:83). Fikiri, ndugu yangu! Hawakusema kwamba wameiba, wala kwamba wameua. Usafi wenyewe ndio uliokuwa hati ya mashtaka. Na wale waliomjibu Nabii Shuaibu a.s. wanastaajabisha zaidi. Yeye aliwaonya juu ya vipimo na mizani, wao wakaidhihaki sala yake (11:88). Sala iliingiaje hapo, hali mazungumzo yalikuwa ya sokoni? Iliingia kwa sababu mfanyabiashara mwenye kibaba kilichotiwa kitako cha uongo hawezi kukitetea kibaba chake. Akikishika mbele za watu ameaibika. Ni rahisi zaidi kumzungumza yule anayesali. Ndiyo maana ukikataa hongo leo, hutaulizwa juu ya hongo. Utaulizwa juu ya kanzu yako, au ndevu zako, au ndugu yako aliyefungwa mwaka juzi.

Na Makka ilikuwaje? Mtume Mtukufu s.a.w. aliitwa Al-Amini, yaani Mwaminifu, na watu wale wale waliomwita hivyo, kabla hajawaambia neno lo lote juu ya masanamu yao. Alipotangaza ujumbe wake wakamwita mwongo. Lakini wanahistoria wa Kiislamu wametuhifadhia jambo moja lenye mafunzo: usiku alipohama Makka, mwaka 622, nyumbani kwake zilikuwamo amana za watu wa mji ule, naye akamwacha Hadhrat Ali r.a. nyuma azirudishe kwa wenyewe. Midomo ilisema mwongo, na mikono ikampelekea mali kuwekewa. Mtu hupeleka mali yake pale anapoamini kweli. Basi usidhani kila anayekucheka amekudharau. Pengine siku akitaka mtu wa kumshikia fedha za matanga, atakuja kwako.

Katika zama zetu wataalamu wa elimu ya nafsi wameyapima mambo haya kwa njia zao, na yafaa tuyajue waliyoyapata. Mwaka 2008 Benoît Monin wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, pamoja na Pamela Sawyer na Matthew Marquez, walitangaza uchunguzi wao juu ya watu wanaokataa kutenda lisilo haki. Waliwapa watu kazi ya kuigiza upelelezi: nyumba imevunjwa, watuhumiwa ni watatu, sema ni nani mwizi. Habari zilipangwa kwa namna ambayo mtuhumiwa mweusi ndiye aliyeelekea waziwazi kuwa mkosaji, nao wakamtaja huyo. Kisha wakaonyeshwa karatasi ya mtu mwingine, aliyekataa kuifanya kazi ile kwa kuwa aliona ni ubaguzi kuyapanga mambo hivyo. Je, walimpenda? La, hawakumpenda. Lakini watu wengine, ambao wao hawakuwa wamefanya kazi ile bali waliletewa tu majibu wayatazame, walimsifu yule yule aliyekataa. Karatasi ilikuwa moja na maneno yalikuwa yale yale. Tofauti ilikuwa hii tu: je, anayeisoma karatasi alikuwa amekwisha kutia kalamu yake katika jambo lile, au hapana?

Miaka minne baadaye, mwaka 2012, Monin na Julia Minson walitangaza uchunguzi mwingine, safari hii juu ya wale wanaoacha kula nyama kwa sababu ya dhamiri zao. Wala nyama waliulizwa maneno yanayowajia akilini wakisikia habari za watu hao, na karibu nusu yao walitoa maneno mabaya. Na kadiri mtu alivyotazamia kwamba wasiokula nyama hujiona bora kuliko yeye, ndivyo maneno yake yalivyozidi ubaya. Sisi ambao dini yetu imetuhalalishia nyama hatuna ugomvi juu ya kitoweo. Lakini tazama mwendo wa moyo. Mtu hajalaumiwa bado. Ameitazamia lawama, akaitengeneza mwenyewe ndani yake, kisha akamrudishia mwenziwe ambaye pengine alikuwa anakula maharage yake kwa amani.

Sasa yapasa tukae kidogo juu ya jambo moja ambalo nimewasikia wengi walioingia karibuni wakililalamikia. Wanasema: "Dhihaka naivumilia, kinachonishinda ni kule kunibembeleza." Yaani rafiki anashika glasi, anakwambia kidogo tu, tone moja tu, Mungu haoni tone moja. Umepata kujiuliza kwa nini anajitahidi hivyo? Rafiki huyo akikukaribisha wali ukasema umeshiba, atakuachia baada ya mara mbili. Hatatumia jioni nzima na fedha zake kukufanya uumeze. Lakini kwa tone la pombe atafanya. Ni kwa sababu tone hilo halina faida kwako; lina faida kwake. Ukilinywa, picha yake imetengenezwa upya: huyu naye ni kama sisi. Na ndiyo sababu baada ya kulinywa hutaongezewa heshima hata kidogo. Watafurahi usiku ule, na kesho watasimulia.

Hata hivyo, uchunguzi ule wa Stanford ulikuwa na sehemu nyingine, ambayo kwa maoni yangu ni ya thamani kuliko zote. Baadhi ya watu waliokwisha kufanya kazi ile ya upelelezi waliombwa, kabla ya kumpima yule aliyekataa, waandike habari ya wakati walipoonyesha sifa njema wanayoithamini sana. Watu hao hawakumchukia yule aliyekataa kama wenzao. Aliyekumbushwa kwamba yeye naye ana wema hakuhitaji kumshusha mwingine ili abaki amesimama. Lishike hilo, kwa maana ufunguo wa kuishi na watu umo humo.

Habari za watu wawili wa karne ya 18 zitatusaidia kuliona jambo hili likitendeka. Wote wawili walikuwa wa Jumuiya ya Marafiki, dhehebu la Kikristo ambalo wasomaji wa magharibi ya Kenya wanalijua kwa misheni yake ya Kaimosi iliyoanzishwa mwaka 1902. Hawakuwa wa dini yetu, lakini haki ni haki po pote inapokutwa. Siku hizo katika nchi ambayo sasa ni Marekani, Marafiki wengi, watu wa sala na heshima, walimiliki watumwa, na hawakujiona kuwa wabaya.

Wa kwanza ni Benjamin Lay, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1682, mtu mfupi mwenye kibiongo, ambaye aliyaona mateso ya watumwa kwa macho yake katika kisiwa cha Barbados. Alikataa kutumia kitu cho chote kilichotengenezwa kwa kazi ya mtumwa. Mwaka 1738, katika mkutano wa Marafiki huko Burlington, alikuja na kitabu kilichotobolewa ndani, mkiwa mmefichwa kibofu chenye maji mekundu ya matunda. Akasimama, akawaambia kwamba Mungu atamwaga damu ya wale wanaowafanya wenzao watumwa, kisha akakichoma kitabu kwa upanga, na wekundu ule ukawarukia waliokuwa karibu. Wakamtoa nje, na Marafiki wakamkana.

Wa pili ni John Woolman, aliyezaliwa New Jersey mwaka 1720. Alipokuwa kijana, karani wa dukani, tajiri wake alimwamuru aandike hati ya kumuuza mwanamke mweusi. Moyo ulimsuta, akasema mbele ya muuzaji na mnunuzi kwamba aliona kufuga watumwa hakupatani na dini yake. Lakini hati aliiandika. Baadaye alipotakiwa kuandika nyingine kama ile, akakataa. Naomba msomaji asilipite hili upesi. Woolman naye alikuwa ametia kalamu. Kwa hiyo maisha yake yote hakuweza kuzungumza na wenye watumwa kama mtu aliyesimama juu ya mlima. Alizungumza nao kama mtu aliyetoka bondeni walimo wao.

Alisafiri mpaka majimbo ya kusini, akalala katika nyumba za wenye watumwa, na asubuhi alipoondoka alitoa fedha walipwe wale waliomtumikia, ama akiwapa wenyewe, ama akimwomba mwenye nyumba awafikishie. Hakupiga kelele. Lakini je, aliepuka chuki? Hata! Alipoanza kuvaa kofia ya manyoya isiyotiwa rangi, kwa sababu ya dhamiri yake, baadhi ya Marafiki wenzake walianza kujitenga naye kwa sababu ya kofia. Na shida ilizidi kwa kuwa wakati ule wapenda mitindo nao walikuwa wakivaa kofia nyeupe, hata mtu huyu mnyenyekevu akadhaniwa kuwa anajipamba! Anayejitenga na desturi ya watu hatakosa kusingiziwa nia.

Mwaka 1758 mkutano wa mwaka wa Marafiki huko Philadelphia, Woolman akiwapo na kusema, uliamua kuwatuma watu wawatembelee wenye watumwa nyumba kwa nyumba na kuwasihi, na Woolman alikuwa miongoni mwa waliokwenda. Lay alikuwa mzee. Alipoletewa habari za uamuzi huo alisema sasa anaweza kufa kwa amani, naye akafa mwaka 1759. Woolman alifariki kwa ndui mjini York, Uingereza, mwaka 1772. Na mwaka 1776 Marafiki wa Philadelphia wakawakataza kabisa washiriki wao kumiliki watumwa.

Sisemi kwamba Lay alikosea. Pengine mlango uliofungwa kwa muda mrefu huhitaji mtu wa kuupiga teke. Lakini mimi na wewe hatukuitwa kwenda mkutanoni na upanga. Tunaketi kila siku na watu ambao kesho tutafanya kazi nao, na huenda kwetu njia ya Woolman ndiyo inayofaa. Kataa kwa ajili ya nafsi yako: sema "mimi situmii", usiseme "vibaya". Usiihame meza kwa haraka kama aliyekanyaga moto. Usifundishe saa ile ile unapokataa, kwa maana masikio yaliyojeruhiwa hayasikii. Somo lina saa yake. Na utafute wema wa kweli ulio kwa wenzako, uutaje. Yule anayekuita shehe kwa dhihaka huenda ndiye anayemsomesha mtoto wa marehemu kaka yake. Mwambie kwamba unamheshimu kwa hilo, na useme kweli, si kwa hila. Akifiwa, uwe wa kwanza kufika. Mtu anayejua kwamba unauona wema wake hatakuwa na haja kubwa ya kuuogopa wako.

Lakini ole wake atakayelifanya somo hili kuwa ngao! Nimewaona watu ambao kila wakionywa husema: "Wananichukia kwa sababu ya dini yangu." Yupo mtu anayechukiwa kwa sababu hasalimii. Yupo anayechelewa kazini saa nzima akiisingizia sala ya dakika kumi, na mzigo wake wanaubeba wengine. Hao wakinung'unika, si watu wa Luti. Kuchukiwa si cheti. Ukisemwa vibaya, anza kutazama kama lipo la kweli katika lisemwalo, na ukilikuta, lirekebishe, hata kama aliyelisema alikuwa na nia mbaya.

Tena kuna upande wa pili wa jambo hili, ambao tunapenda kuuacha. Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba wewe msomaji ndiye mwema na wengine ndio wanaoumizwa na wema. Je, huoni kwamba hilo nalo ni picha tamu ya nafsi? Zipo siku ambapo anayenywa soda ni mwingine, na wewe ndiye unayecheka. Itakuwa si pombe. Itakuwa ni jirani asiyemsengenya mtu, nawe ukasema ni mwoga. Au mwenzako anayelipa kodi kamili, nawe ukasema hajui maisha. Niruhusu nikusimulie habari yangu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa karani katika ofisi moja. Tulitumwa wanne safari ya kazi, tukapewa masurufu ya siku 5, na kazi ikaisha siku ya tatu. Desturi ya pale ilikuwa inajulikana: tuliporudi kila mtu alijaza fomu yake kwamba siku zilikuwa 5. Mmoja wetu aliandika 3. Alikwenda kwa mhasibu, akarudisha fedha zilizosalia, akatia stakabadhi mfukoni, akarudi kukaa mezani pake. Hakumripoti mtu. Hakutuambia neno. Mimi nilijua habari hiyo kwa kuwa nilikuwa nyuma yake dirishani.

Tangu siku ile nilianza kumwona mtu yule kuwa na kiburi. Niliwaambia wenzangu kwamba anatafuta cheo. Nilimchunguza, na Ijumaa moja alipochelewa kurudi baada ya chakula cha mchana, nililisimulia jambo hilo kwa majuma kadhaa, kana kwamba saa ile moja ilikuwa imefuta zile siku mbili zangu. Wakati huo nilikuwa nasali sala tano, na sikuona kosa lo lote katika niliyokuwa nikiyafanya.

Ilinichukua miaka kulielewa. Alipokuwa amekwisha kustaafu nilikwenda kwake, nikamwambia: "Mzee wangu, nimekuja kuomba radhi kwa mambo niliyoyasema nyuma yako kwa ajili ya safari ile." Hakuikumbuka. Nikamtajia mahali na mwaka, na stakabadhi, ndipo uso wake ukafunguka. "Ah, ile! Ndugu yangu, wakati ule nilikuwa na deni la duka ambalo lilinikosesha usingizi. Nikasema, nikifa njiani nitakwenda na deni hili; nisiongeze na la serikali." Akacheka, akaniagizia chai.

Kisha, tukiwa tunakunywa, akanigeukia kama mtu anayetaka tu kuyaendeleza mazungumzo, akaniuliza: "Kwani ninyi mliandika siku ngapi?"